Beseni la Sijui

Jina lake halisi lilibandikwa kwenye mlango wa ofisi, lakini hakuna aliyelisoma. Kituoni kote aliitwa Mama Foleni, tena kwa heshima kabisa, hata mgeni mmoja kutoka makao makuu aliwahi kumuuliza Foleni yuko darasa la ngapi. Alimjibu kwamba Foleni hajaanza shule, ila anakua haraka kuliko watoto wote wa mtaani.

Hakuwa anatania sana. Kituo kilikuwa na kompyuta kubwa thelathini na mbili, zimepangwa kwenye makabati marefu ndani ya chumba chenye baridi ya kuvalia sweta, na idara zote zilizitegemea hizohizo. Watu wa hali ya hewa walizitumia kupiga hesabu za mvua. Watu wa ramani walizitumia kusoma picha za mafuriko. Watafiti wa mbegu walizitumia kulinganisha maelfu ya mbegu zao. Kabla kazi ya mtu haijaingia, mwenyewe alijaza fomu kwenye skrini: anataka prosesa ngapi za kupigia hesabu, kumbukumbu kiasi gani, kwa muda gani. Programu ya kupanga foleni iliamini kila kilichoandikwa, kama mchumba katika wiki ya kwanza.

Na watu walitia chumvi. Kazi ikiishiwa kumbukumbu katikati ya safari hukatwa na kuanza upya, kwa hiyo kila mtu aliomba mara tatu ya mahitaji yake, wengine mara sita. Matokeo yake nusu ya kompyuta zilikuwa zimeshikwa na watu wasiozitumia, kama viti vilivyowekewa mikoba ukumbini, huku kazi sitini zikisubiri nje. Mama Foleni ndiye aliyepokea simu za wanaosubiri.

Kinara wa kuomba alikuwa Bwana Mvua, mkuu wa utabiri, mzee mpole aliyevaa tai hata siku za joto. Kila asubuhi aliomba kompyuta nane, akatumia moja na robo. Mama Foleni alipomgusia, alisema, "Mvua haina adabu, mama. Siwezi kujua leo itataka ngapi."

Upande wa pili alikuwepo Daktari wa Mbegu, mtafiti mwembamba mwenye sauti ya chini, ambaye hajawahi kulalamika. Mwezi ule alisubiri siku tisa kompyuta moja tu. Siku ya kumi alipita ofisini, akauliza kama fomu yake imepotea, akaomba radhi kwa usumbufu, akaondoka. Mama Foleni angependelea atukanwe.

Mkurugenzi naye aliona. Alimwita Mama Foleni, akafunga mlango, akasema, "Nakupa miezi mitatu. Foleni isipopungua, kila idara itapewa siku yake katika wiki, kama zamu ya kufagia."

Mama Foleni alijua maana yake. Wenye sauti kubwa wangejigawia Jumatatu hadi Ijumaa, watu wa mbegu wangebakiziwa Jumapili, na kazi ya siku tano haiingii kwenye Jumapili moja.

Alikuwa na wazo, na alikuwa nalo kwa muda mrefu. Kila kazi inapokwenda, kompyuta huandika baada ya kila sekunde kumi imetumia prosesa kiasi gani, imeshika kumbukumbu kiasi gani, imekwenda kusoma diski mara ngapi. Ukichora rekodi hizo zinakuwa mistari, na kila aina ya kazi ina mwendo wake. Mashine inaweza kufundishwa kuitambua kazi kwa dakika zake za mwanzo, halafu ikaiambia foleni, huyu ameomba nane lakini mbili zinamtosha. Hakuna uchawi hapo. Mtoto anafundishwa vivyo hivyo kutofautisha mbuzi na kondoo: anaonyeshwa mbuzi wengi na kondoo wengi, kila mmoja kwa jina lake, mpaka siku moja ananyoosha kidole mwenyewe.

Tatizo lilikuwa ni nani atataja majina. Alikuwa na michoro elfu moja na mia sita, na lazima binadamu aipitie mmojammoja. Aliichapisha yote kwenye karatasi, akajaribu mwenyewe Jumamosi moja. Alipofika wa sitini, michoro yote ilikuwa imegeuka milima. Aligundua kwamba mchoro mmoja ameuona mara tatu na kuupa majina matatu.

Wiki hiyohiyo wifi yake akavunjika mguu.

Wifi huyu alikuwa dada mkubwa wa mumewe, na alikuwa msimamizi wa chumba cha kufulia cha hospitali kwa miaka ishirini na miwili. Aliteleza kwenye maji ya sabuni, sabuni yake mwenyewe, mfupa ukavunjika chini ya goti. Madaktari walimfunga plasta na kumwambia wiki saba. Kwa kuwa alikaa peke yake ghorofa ya tatu, mdogo wake, yaani mume wa Mama Foleni, ambaye alikuwa dereva wa gari la wagonjwa, alimchukua hospitalini na kumleta moja kwa moja nyumbani kwake.

Mguu ulikuwa umefungwa, mdomo haukufungwa. Siku ya kwanza Wifi alisema vikombe vimepangwa kama vinagombana. Siku ya pili akasema taulo za nyumba hii zinakunjwa kama barua za posta. Mama Foleni alimeza yote. Kwa miaka kumi na mmoja wawili hao walikuwa wameelewana vizuri sana, kwa sababu walikuwa wakionana mara mbili kwa mwaka.

Siku ya tatu Mama Foleni aliliacha boksi la michoro mezani, akaenda kazini. Aliporudi saa kumi alasiri, alikuta mabeseni matano yamepangwa sakafuni sebuleni, na Wifi yuko katikati, mguu juu ya stuli, karatasi mapajani.

"Wifi, makaratasi yangu hayo."

"Yako salama. Nimeanza kukupangia."

"Umeyapangaje na hujui ni ya nini?"

"Ya nini sijui, lakini naona yanavyokwenda." Wifi alichukua karatasi moja kwenye beseni la karibu. "Huu mstari mwekundu ni wa nini?"

"Kumbukumbu. Ile nafasi anayohitaji ndani ya kompyuta kushikia mambo yake."

"Basi huyu ni Mlafi. Tangu ameingia anakula tu, wala hashibi. Wale wa beseni lile, mstari wa bluu uko juu tangu mwanzo hadi mwisho, hata kupumua hawapumui?"

"Prosesa. Hao wanapiga hesabu tupu."

"Wachapakazi hao. Na wale pale, kijani kinapanda, kinashuka, kinapanda, kinashuka?"

"Wanakwenda kusoma diski na kurudi."

"Nimewaita Watembezi. Kuna mmoja wa hivyo kule kazini, kutwa nzima anakwenda stoo." Wifi aliinua karatasi nyingine, akaicheka kabla hajaionyesha. "Halafu huyu. Huu mstari wa nukta huku juu angani ni nini?"

"Ndicho alichoomba."

"Na hiki huku chini ndicho alichotumia?"

"Ndiyo."

"Nilijua tu. Huyu ni Bwana Harusi. Ukumbi mzima umepambwa kwa ajili yake, naye anakalia kiti kimoja."

Mama Foleni alikaa sakafuni na mkoba wake begani. Alikuwa amekusudia kukasirika, lakini hasira haikuja. Alionyesha beseni la tano, dogo la bluu. "Na hilo?"

"Hilo la sijui."

"Sijui nini?"

"Sijui, basi. Kule kazini pia tuna kapu la sijui. Shuka likija na doa nisilolifahamu, siliingizi mashine pamoja na mengine. Linakaa pembeni mpaka nimuulize muuguzi limetoka wadi gani. Ukilichanganya, unaweza kuharibu shuka arobaini kwa ajili ya moja."

Kesho yake Mama Foleni alimtega. Alichukua karatasi arobaini ambazo Wifi alikwisha kuzipanga, akazichanganya na mpya, akamrudishia. Wifi alizirudisha thelathini na nane kwenye mabeseni yaleyale. Mama Foleni alijipa mtihani huohuo, akapata ishirini na saba. Hapo akasalimu amri, akamwomba rasmi.

"Ungeniomba tangu juzi," Wifi alisema. "Mguu unaniwasha ndani ya plasta, nilikuwa natafuta pa kupeleka akili."

Walifanya kazi wiki tatu. Asubuhi Wifi alipanga, jioni Mama Foleni aliingiza majina kwenye kompyuta, na katikati walibishana. Wifi aliuliza maswali ambayo hakuna aliyewahi kumuuliza Mama Foleni, kwa mfano kwa nini mashine isiwape watu kidogo kwanza halafu iwaongeze wakihitaji, na Mama Foleni alijikuta akieleza kazi yake kwa mara ya kwanza bila mtu kupiga miayo. Mume wa nyumba alipotaka beseni la kulowekea soksi, aliulizwa anataka la walafi au la wachapakazi. Akaenda kununua ndoo.

Ikafika siku ya kuifundisha mashine. Mama Foleni alitenga michoro mia tatu ambayo mashine haitaiona, iwe mtihani wake. Akaipa iliyobaki pamoja na majina ya Wifi, akaiacha ijifunze, kisha akaitahini. Ilipata themanini na moja kwa mia.

Si vibaya, lakini haikutosha kwa Mkurugenzi. Alipochunguza ilipokosea, aliona makosa karibu yote yametoka beseni la bluu. Michoro mia moja na kumi na miwili ya Sijui haikufanana yenyewe kwa yenyewe, na mashine ilihangaika kutafuta undugu usiokuwepo. Mama Foleni aliifungua orodha ya michoro hiyo. Kisha akaifuta. Akaifundisha mashine upya kwa yale mabeseni manne tu, akaitahini kwa maswali ya mabeseni manne tu. Tisini na nne kwa mia.

Aliona vibaya kidogo moyoni, akajiambia ni njaa. Nyumbani alimtangazia Wifi ile tisini na nne, wakapongezana. Habari za beseni la bluu hakuzitaja.

Mfumo ulianza kazi Jumatatu. Kila kazi iliingizwa kwanza kwenye kompyuta ya majaribio kwa dakika tano, mashine ikaiangalia mwendo, ikaitaja jina, na foleni ikaipangia nafasi inayoifaa pamoja na jirani anayeifaa: Mlafi na Mchapakazi kwenye kompyuta moja, kwa kuwa mmoja anataka nafasi na mwingine nguvu, hawagombani. Kufikia Ijumaa waliokuwa wakisubiri walikuwa wameshuka kutoka sitini hadi ishirini na wawili. Daktari wa Mbegu alipita ofisini kuuliza kama kuna kosa, maana kazi zake ndogo mbili zimekwisha siku ileile alipozileta.

Kosa lilikuwepo, ila lilikuwa kwingine. Mama Foleni alikuwa amekusudia kuyabadilisha majina ya Wifi yawe aina ya kwanza, ya pili, ya tatu, akasahau. Na kwenye skrini ya kila mtumiaji palikuwa na safu iliyoandikwa "Aina ya kazi". Jumatano ya wiki ya pili Bwana Mvua alifungua skrini yake mbele ya vijana wake wote wa utabiri, na mbele ya jina lake palisomeka, kwa herufi kubwa, BWANA HARUSI.

Hadi saa sita ghorofa nzima ilikuwa imempa hongera. Mpika chai aliuliza mbona hajaona kadi. Mapokezi wakaanza kuchangishana zawadi kwa mzaha. Saa nane Bwana Mvua aliingia ofisini kwa Mama Foleni, tai imekaa upande.

"Mama Foleni," alisema, "nina mke, ndoa ya miaka thelathini na mmoja. Sasa hivi amenipigia simu kuniuliza bibi harusi ni nani."

Wote wawili waliitwa kwa Mkurugenzi. Mkurugenzi alikuwa na karatasi yenye yale majina mezani, na uso wake haukusomeka.

"Nani aliyetoa majina haya?" aliuliza.

"Wifi," alisema Mama Foleni.

"Sikuulizi mtandao. Nauliza mtu."

"Ni mtu, Mkurugenzi. Dada yake mume wangu."

Mkurugenzi alivua miwani. "Kwa hiyo wifi yako ameingia kwenye mfumo wa kituo. Ana nywila?"

"Hana nywila. Ana mabeseni."

Aliyecheka wa kwanza alikuwa Bwana Mvua. Alijaribu kukigeuza kicheko kikohozi, kikamshinda. Mama Foleni aliona mlango umefunguka, akaeleza yote tangu mwanzo, kisha akatoa mchoro wa kazi ya Bwana Mvua, mstari wa nukta juu kabisa, na chini yake kijistari chembamba. Bwana Mvua aliukaribia, akaushika kwa mikono miwili.

"Kiti kimoja," alisema.

"Na robo."

Bwana Mvua aliurudisha mchoro mezani. "Nitawaambia ukweli. Hiyo nane niliikuta. Aliyenitangulia ndiye aliyeiandika, kwa programu ambayo hatunayo tena. Miaka sita naogopa kuigusa, mvua isije ikakosewa, wakasema ni mimi niliyepunguza."

Ikaamuliwa majina yatolewe kwenye skrini. Bwana Mvua alikuwa na sharti moja tu: Mama Foleni ampigie simu mkewe, amweleze. Alipiga. Mke wa Bwana Mvua alisikiliza habari za ukumbi na kiti hadi mwisho, akasema, "Hata hapa nyumbani yuko hivyohivyo. Kabati la nguo lote lake, anavaa mashati mawili," wakaagana kwa wema.

Mama Foleni alirudi nyumbani anatembea kama mtu aliyetoka mtihani. Wifi alicheka hadi fimbo zake za kutembelea zikaanguka. Siku sita zilipita hivyo, za raha tupu.

Jumanne asubuhi taa nyekundu iliwaka kwenye kompyuta ya kumi na saba. Kazi tatu zilizokuwa humo zilikuwa zimekatwa pamoja. Mbili zilikuwa fupi, zikaanzishwa tena bila mtu kugundua. Ya tatu ilikuwa ya Daktari wa Mbegu, kazi yake kubwa ya mwaka, ambayo matokeo yake yalihitajika kabla ya msimu wa kupanda. Ilikuwa imekwenda siku nne. Hakuna kilichobaki.

Mama Foleni alifungua rekodi, akaona mara moja. Kwa siku tatu kazi ile ilikuwa imekwenda kimya, prosesa juu, kumbukumbu chini, tulivu kama maji ya mtungi. Mashine iliiangalia dakika tano za mwanzo, ikasema Mchapakazi, ikaipunguzia nafasi iliyoombwa, ikaipangia majirani wawili. Siku ya nne kumbukumbu ilipanda ghafla kama ukuta, ikagonga dari. Mwendo ule alikuwa ameshauona. Aliukumbuka na karatasi yake, kona imekunjika, juu kabisa ya beseni la bluu. Mashine haikuwa na jina la kumpa kiumbe huyo, na Mama Foleni hakuiachia neno la kusema haimjui. Ikachagua jina lililo karibu, kwa kujiamini kabisa.

Alikwenda mwenyewe maabara. Daktari wa Mbegu alikuwa anaosha vibakuli vya vioo, akaendelea kuosha huku anamsikiliza.

"Siku nne," alisema mwishowe.

"Siku nne. Na usiniambie ni kompyuta. Kulikuwa na kazi ambazo hatukuzielewa, nikazitoa kwenye mafunzo ili alama zipande. Za aina ya yako zilikuwamo humo. Wewe uliomba nafasi sahihi, sisi tukakupunguzia."

Daktari alikausha mikono taratibu. "Asante kwa kunieleza," alisema. "Mara nyingine huwa naambiwa tu nianze upya."

Nyumbani ilikuwa vigumu zaidi. Wifi alikuwa anamenya viazi. Aliposikia, kisu kilisimama.

"Uliyatupa?"

"Niliyafuta. Yalikuwa yanaharibu hesabu."

"Mia moja na kumi na mbili."

"Ndiyo, wifi."

Wifi hakugomba, na kutogomba kwake kulimtisha Mama Foleni kuliko yote ya vikombe na taulo. "Unadhani ilikuwa rahisi kukuwekea karatasi zile?" alisema. "Wewe msomi, mimi mfuaji. Kila niliyoitia kwenye lile beseni niliona haya. Nilisema, ataniona sijui kitu. Nikaitia hivyohivyo, kwa sababu ndiyo kweli yenyewe. Mficha uchi hazai, wifi. Mimi nilivumilia aibu yangu, wewe ukaenda kuificha kwa niaba yangu."

Mama Foleni alichukua kisu cha pili, akakaa, wakamenya viazi vingi kuliko walivyohitaji.

"Nisamehe," alisema baadaye.

"Nimekusamehe tangu kiazi cha tatu. Huyo daktari anapatikana kesho?"

"Wa nini?"

"Mimi doa nisilolijua namuuliza muuguzi. Nipeleke kwa mwenye shuka."

Ndivyo ilivyokuwa kwamba Jumatano saa tatu asubuhi gari la wagonjwa lilisimama mbele ya kituo, mlinzi akakimbilia machela, na akashuka mwanamke mwenye plasta na fimbo mbili, nyuma yake Mama Foleni amebeba beseni la bluu. Karatasi zenyewe zilikuwepo bado, maana Wifi hatupi kitu. Daktari wa Mbegu aliwapisha meza yake. Walizitandaza zote.

Alizijua zake kwa kuzitazama tu, kama mtu anavyojua mwandiko wake. Zilikuwa arobaini na moja. "Programu yangu inaanza na mbegu mojamoja," alieleza, "inapima kila moja na kuiweka kando. Hiyo ndiyo siku tatu za kimya. Mwisho inazikusanya zote na kuzilinganisha kwa pamoja, hapo ndipo inataka nafasi."

"Kumbe si mlafi," alisema Wifi. "Ni kama mpishi. Wiki nzima ananunua kidogokidogo, humwoni, halafu siku moja anawasha mafiga yote."

Daktari alicheka. Mama Foleni hakuwa amewahi kumsikia akicheka, na kilikuwa kicheko kikubwa kisicholingana na mwili. "Mpishi," alisema. "Niandike hivyo."

Watu wa ramani waliitwa, nao wakatambua kumi na tisa zao, wapishi vilevile. Karatasi hamsini na mbili zilibaki bila mwenyewe. Wifi alizirudisha kwenye beseni. "Hizi bado sijui," alisema, safari hii kwa sauti ya kawaida, mbele ya wasomi wanne.

Mama Foleni aliifundisha mashine upya. Aliiongezea Mpishi, na akaiwekea jambo ambalo alipaswa kuliweka tangu mwanzo: kila ikitaja jina iseme pia ina uhakika kiasi gani, na uhakika ukiwa mdogo, iseme sijui. Kazi ya sijui ingepewa kila kilichoombwa na mwenyewe, bila kupunguziwa na bila jirani. Aliitahini kwa ile michoro mia tatu yote, pamoja na migumu yake. Kati ya mia, ilisema sijui mara nane, ikapatia themanini na saba, ikakosea tano.

Alimpelekea Mkurugenzi hesabu hiyo, pamoja na barua ya kukiri jinsi ile ya kwanza ilivyopatikana. Mkurugenzi alisoma zote mbili.

"Imeshuka," alisema.

"Imeshuka. Ila hii ndiyo ya kweli, na hizo nane hazitakata kazi ya mtu."

Mkurugenzi aliuliza kazi ya Daktari itaanza lini. Mama Foleni alisema imeshaanza tangu juzi. Bwana Mvua ndiye aliyeachia nafasi: alipunguza ombi lake kutoka nane hadi mbili kwa mkono wake mwenyewe, akasimama nyuma ya Mama Foleni kuhakikisha kompyuta moja nzima, yenye nafasi yote, amepewa Daktari peke yake. Siku tatu kazi ile ilikwenda kimya. Siku ya nne kumbukumbu ilipanda kama ukuta, nao watatu, Mama Foleni, Bwana Mvua na Daktari, walikuwa mbele ya skrini wanaitazama, na ilipofika juu ikatulia, ikaendelea. Kufikia Jumapili kazi ilikuwa imekwisha, wiki mbili kabla ya kupanda.

Miezi mitatu ilipotimia, foleni ilikuwa haizidi kazi kumi, na habari ya kugawana siku haikutajwa tena. Kwenye skrini majina yalirudi, kwa maombi ya watumiaji wenyewe. Walikuwa wamezoea kuulizana leo wewe nani, na kijana mmoja wa ramani alipoitwa Bwana Harusi mara mbili kwa wiki, alikaa akaipitia programu yake, akaipunguza.

Wifi alifunguliwa plasta na kurudi hospitalini. Baada ya majuma mawili alipokea barua ya kituo yenye muhuri: aje asubuhi moja kila wiki kupanga michoro mipya ya sijui, maana watu huandika programu mpya kila siku. Alijibu kwamba anakuja Alhamisi, na kwamba anahitaji kiti chenye mgongo.

Alhamisi ya kwanza alionyeshwa chumba cha kompyuta. Alitembea polepole kati ya makabati, sweta la kuazima limemfika magotini, akasimama mbele ya kompyuta moja na kuweka kiganja kwenye mlango wa kabati lake, akiisikiliza inavyonguruma. Alisema ngurumo hii ni ya mashine iliyojazwa vizuri. Kisha wakatoka nje juani, yeye na Mama Foleni na Daktari wa Mbegu, wakakaa kwenye ngazi na vikombe vyao. Daktari alikuwa na mchoro mpya mfukoni, mistari yake inapanda kwa vipimo sawasawa kama meno ya msumeno. Mama Foleni alisema ni Mtembezi. Daktari alisema ni Mpishi mwenye haraka. Wifi aliuchukua, akaugeuza juu chini, akaurudisha ulivyokuwa, na wakabishana hadi chai ikapoa.